Pipa Ndilo Linalopika Wiski

Wiski ikitoka mtamboni haina rangi. Kwa macho huwezi kuitofautisha na gongo. Kule Uskoti sheria inataka ilazwe katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, ndipo iitwe wiski. Humo ndimo inamopata rangi na sehemu kubwa ya ladha yake.

Mengi ya mapipa hayo ni mitumba kutoka Marekani. Huko burboni lazima ikae katika pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, na likishatumika mara moja halifai tena kwa burboni. Waskoti hulinunua.

Chukua bilauri mbili za wiski ya kimea cha shayiri kitupu, zote za kiwanda kimoja: moja imetoka pipa la burboni, nyingine pipa lililokuwa na sheri, mvinyo wa Jerez, Hispania. Usikimbilie kunywa. Nusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo ili kilevi kisikuchome pua.

Ya kwanza itakuletea vanila na nazi. Nazi hiyo si ndoto: mwaloni mweupe wa Marekani una laktoni zenye harufu hiyohiyo. Vanila inatokana na lignini, inayoupa mti ugumu, ambayo moto huivunjavunja ikawa vanilini. Ya pili ina zabibu kavu na, kama pipa ni la mwaloni wa Ulaya, ukakasi wa tanini ulimini. Tulia nayo, utakuta na karafuu. Mpemba hahitaji kuelezwa: mbao zilizopitishwa motoni hutoa yujenoli, kemikali ileile iliyojaa katika mafuta ya karafuu.

Sasa tia matone ya maji. Mwaka 2017, Björn Karlsson na Ran Friedman wa Sweden walionyesha kwa kompyuta kwamba kilevi kisipozidi asilimia 45, guayakoli, yenye harufu ya moshi, hukusanyika juu ya kinywaji, karibu na pua. Kikipita 59, guayakoli huzama.

Mimi napendelea pipa la burboni, kwani shayiri yenyewe bado inasikika. Sheri ikizidi hufunika kila kitu. Lakini usichague kwa macho. Sheria ya Uskoti inaruhusu kutia rangi ya karameli, kwa hiyo weusi wa chupa si ushahidi wa pipa wala wa umri. Soma lebo.