Kinga ndogo ya umeme: ni furshi gani inayofaa?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma gazeti hili nyumbani, leo ukurasa wa usalama na afya unazungumza juu ya kinga. Si ile kinga kubwa ya gurudumu 28 ambayo baba zetu walipakia mifuko ya makala. Ni kinga ndogo ya umeme, ile ambayo mtu anaijenga mwenyewe: kadere anaikata na kuiunga kwa moto, magurudumu ya inchi 20 ao 16, motere, batri, na safari inaanza. Batri nyingi za namna hii zina kobalti ndani, na karibu 70 kwa mia ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka hapa kwetu Congo. Basi si ajabu jiwe letu likiturudilia nyumbani na magurudumu.

Anayejenga kinga hufikiri kwanza motere, kisha batri. Feza inayobaki ndiyo ya furshi, yaani ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele. Huu ni mpango wa kichwa chini. Motere ikikufa, utasukuma kinga mpaka nyumbani. Furshi ikivunjika, utatangulia kwa meno.

Pengine utauliza: msaidizi wa muganga anatafuta nini katika mambo ya chuma? Anatafuta mikono yako. Wewe unayeshika mashini ya kutoboa mwamba unajua namna vidole vinavyokufa ganzi jioni, na kwa wengine vinageuka vyeupe wakati wa baridi. Ni mtikisiko unaoumiza mishipa ya damu na ya fahamu. Katika Ulaya, sheria ya mwaka 2002 inataka mkubwa wa kazi achukue hatua wakati mtikisiko wa mikono unafikia mita 2.5 kwa sekunde ya mraba kwa siku ya saa 8, na inakataza kupita 5. Lakini hesabu hiyo inakoma mlangoni mwa kazi. Hakuna anayehesabu barabara ya kurudi nyumbani. Na mshipa unaoenda kwenye kidole kidogo na mwenzake unapita chini ya kiganja, pale pale unapoegemea usukani. Mtu aliyetikiswa mchana mzima kazini, kisha akatikiswa tena njiani, mikono yake haipati pumziko. Kwa huyo furshi ya resori si pambo.

Sasa, kwa nini gurudumu dogo linapiga zaidi? Chukua shimo lenye upana wa sentimita 20. Gurudumu 28 linaingia ndani yake karibu milimita 14 tu, lakini gurudumu 20 linaingia karibu 20. Tena linagonga ukingo wa mbele kwa pembe kali zaidi. Ongeza mwendo: kutoka kilometa 20 kwa saa kwenda 40, nguvu ya pigo haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Mwingereza Alex Moulton alielewa jambo hili zamani. Yeye ndiye aliyetengeneza resori za mpira za gari Mini ya mwaka 1959, na mwaka 1962 alitoa kinga yake ya gurudumu la inchi 16 yenye resori mbele na nyuma. Hakuweka resori ili kinga ionekane ya kisasa. Aliona kwamba mpira mdogo uliojazwa pumzi sana unakimbia vizuri, lakini bila resori mtu hawezi kuuvumilia.

Tuingie sokoni. Muuzaji atakuonyesha furshi kubwa ya gurudumu 26, inayong'aa, yenye mchezo wa sentimita 10 (mchezo ni urefu ambao resori inaweza kushuka), na atakuambia gurudumu 20 litaingia ndani bila shida. Ni kweli litaingia. Hata mtoto anaingia ndani ya koti la baba yake. Lakini furshi hiyo ni ndefu. Ikiinua mbele ya kinga yako, kila sentimita 2 zinalaza kichwa cha kadere nyuma kwa karibu digrii 1. Ukiondoa furshi ya milimita 320 na kuweka ya 400, kichwa kimelala digrii 4 hivi. Usukani unakuwa mzito na unaanguka upande wakati unaenda polepole, pedale zinapanda juu, na miguu haifiki chini vizuri unaposimama.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Tazama magurudumu madogo ya kitanda cha lopitalo: gurudumu halikai chini kabisa ya msumari wake, linafuata nyuma, na kwa hiyo kitanda kinaenda sawa. Kinga nayo ni hivyo. Mahali mpira unapogusa udongo panafuata nyuma kidogo ya mstari wa usukani, na hapo ndipo kinga inapopata utulivu. Kwa kichwa cha digrii 70 na furshi iliyopindwa mbele milimita 40, gurudumu 26 linafuata kwa sentimita 8 hivi, lakini gurudumu 20 kwa sentimita 5 tu. Kwa hiyo furshi iliyofanywa kwa gurudumu dogo hupindwa mbele chini ya hapo. Tafuta iliyofanywa kwa kipimo chako, hata kama haing'ai.

Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa mpira wako. Ukiona 57-406, maana yake mpira una upana wa milimita 57 na janti ya milimita 406. Chunga, kuna inchi 20 nyingine ya janti 451, na mpira wa moja hauingii kwa nyingine. Kisha pima shingo ya furshi, lile bomba linalopita ndani ya kichwa cha kadere. Nyingi za leo zina milimita 28.6, za zamani 25.4, na nyingine ni nene chini kuliko juu. Shingo ikiwa fupi, usiiongeze kwa kuunga kipande. Furshi haiungwi. Mwisho pima nafasi ya kitovu cha gurudumu kati ya miguu miwili: kwa kawaida milimita 100, kwa mpira mnene sana 135, na kwa kinga nyingine za kukunja 74 tu. Usipanue miguu kwa nguvu ili kitovu kiingie.

Kuhusu freni sitasema mengi. Kwa furshi ya resori ya gurudumu dogo freni ya diski ndiyo inayofaa, na furshi iwe na mahali pake pa kuifunga palipotoka kiwandani.

Sasa fungua masikio vizuri. Wengi huweka motere ndani ya gurudumu la mbele, kwani ni rahisi. Akisi ya motere haitulii kama akisi ya kawaida. Kila mara unapofungua umeme, gurudumu linasukuma mbele na akisi inataka kuzunguka nyuma. Kitu kinachoizuia ni vinywa viwili vidogo vya miguu ya furshi, na mzigo unaopita pale, kwenye chuma cha upana wa kidole, unafika mamia ya kilo. Furshi nyingi za resori zina miguu ya alumini ao magnezi. Ni madini mepesi, lakini hayapindiki na kukupa onyo kama chuma cha pua ama chuma cheusi. Yanapasuka mara moja. Tena akisi ya motere mara nyingi ina milimita 10 pale ilipokatwa bapa, na kinywa cha furshi kina 9. Basi fundi anachukua tupa, anapanua kinywa, na hapo amekula ile nyama kidogo iliyokuwa inakulinda. Akisi ikizunguka, inakata waya zake, inasukuma vinywa wazi, na gurudumu linatoka kinga ikiwa mbioni.

Kwa maoni yangu hapa hakuna mashauri mawili: ukitaka furshi ya resori, weka motere nyuma ao katikati kwenye pedale. Ukiwa tayari na motere ya mbele na hauna feza ya kubadilisha, rudi kwenye furshi ngumu ya chuma, funga mkono wa kuzuia akisi pande zote mbili, na weka mpira mnene wenye pumzi ya kadiri. Mpira wa milimita 57 unakula matuta mengi kuliko furshi ya bei rahisi yenye mchezo wa kushoto na kulia. Sioni haya kusema hivyo, hata kama vijana watacheka.

Ukiisha kununua, jaribu kabla ya kutoka barabarani. Ondoa resori ao toa pumzi yote, sukuma furshi mpaka chini kabisa, na uangalie kama mpira unagusa taji la juu. Lazima ibaki nafasi ya kupitisha kidole. Mpira ukigusa pale katika shimo, gurudumu linasimama lakini wewe unaendelea.

Kisha funga uzi wa mpira kwenye nguzo inayong'aa, ushushe mpaka chini, panda kinga polepole na mzigo wako wa kila siku, shuka, na upime. Uzi uwe umepanda kama sehemu moja kwa nne ao kwa tano ya mchezo wote: kwa mchezo wa milimita 50, ni 10 mpaka 12. Ukipita sana, resori ni laini kwako. Kukaza ile screw ya juu kunainua kinga tu, hakuifanyi resori kuwa ngumu. Mtu wa kilo 90 anahitaji resori nyingine.

Kila juma, shika freni ya mbele, sukuma kinga mbele na nyuma, na weka kidole pale nguzo inapoingia mguuni. Ukisikia inacheza, peleka kwa fundi. Wakati wa mavumbi panguza nguzo kwa kitambaa safi kila jioni, kwani vumbi letu jekundu linakata ule mpira unaozuia mafuta kama msasa. Usioshe kwa mazuti wala kwa maji ya nguvu.

Na ukianguka juu ya kiganja, hata kama mkono unaonekana mzima, bonyeza shimo dogo lililo chini ya kidole gumba, upande wa mgongo wa mkono. Likiuma, njoo lopitalo siku ile ile. Kuna mfupa mdogo pale ambao damu yake ni haba, na ufa wake mara nyingine hauonekani katika picha ya kwanza. Tutafunga mkono na kukuita tena kwa picha nyingine baada ya siku 10 mpaka 14. Usikatae kurudi kwa sababu maumivu yamepungua. Mfupa huo usipoungana, mkono hautashika tena mashini.