Code minier ndani ya telefone: tunaruhusiwa kuisoma na kuirekodi?

Kwa Burungu, sawa vile kwa vijiji vingi vya Masisi na Walikale, kitabu kimoja kinaweza kuwa na masikio makumi. Mumoja anasoma, wengine wanasikiliza, na mwenye telefone anarekodi ili ndugu aliye ndani ya shimo asikie mangaribi. Kiisha swali linakuja: hiyo sauti tukiituma kwa WhatsApp ao kwa Bluetooth, mwenye kitabu hatatushitaki?

Inategemea mumesoma nini. Tuanze na kile kinachogusa mufuko wa muchimbaji: Code minier, ile sheria ya tarehe 11 Julai 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Hiyo someni bila woga. Hakuna mutungaji anayengojea franga zake juu ya sheria ya inchi. Tena kifungu cha 142 cha Katiba kinaagiza Serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa luga zetu nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu Rais aitie sahihi. Kiswahili ni moja ya hizo nne. Na kifungu cha 62 hakikubali mutu ajitetee kwamba hakujua sheria. Sasa atajuaje, kama ni Kifaransa kizito chenye vifungu zaidi ya 300 na hakuna wa kumusomea? Watu watano wakigawana vifungu, mumoja akisoma Kifaransa na mwengine akieleza kwa Kiswahili, wanafanya kazi ambayo Katiba iliipa Serikali.

Faida yake inaonekana ku barabara. Mutu aliyesikia mwenyewe vifungu juu ya karte ya creuseur, kooperative na ZEA, akiombwa franga ku bariere anaweza kuuliza: kwa kifungu gani? Nyumbani pia. Kifungu cha 242 kinagawanya redevance inayolipwa na kampuni zenye kibali: 50% kwa Serikali kuu, 25% kwa provense, 15% kwa chefferie, sekta ao muji ambamo madini yanatoka, 10% kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Mama aliyesikia hesabu hiyo katika telefone ya bwana yake anajua aulize nini siku ya mukutano.

Lakini muangalie kitabu muliyo nacho mukononi. Kama ni Code yenye maelezo ya avoka chini ya kila kifungu, sheria ni ya wote, maelezo ni yake. Broshure ya Kiswahili iliyotungwa na shirika nayo ina mwenyewe; muombe ruhusa, mara nyingi watafurahi.

Kwa riwaya na vitabu vya masomo, mambo yanabadilika kabisa. Wamarekani wana kanuni ya matumizi ya haki: judge anapima mambo manne, yaani kusudi la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na hasara kwa soko la mutungaji. Watu wanaisoma ku intaneti na kufikiri inafika mpaka Masisi. Haifike. Kwetu ni Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na hiyo inafuata njia ya Ufaransa: vile vinavyoruhusiwa vinatajwa kimoja kimoja. Kusomea watu wa nyumbani bila kulipisha, sawa. Kunukuu kipande kifupi na kutaja mutungaji, sawa. Kurekodi kitabu kizima na kukituma kwa grupe ya watu 200, hapo si nyumbani tena, hata kama hamuuzishe. Mwandishi wa Goma ao Bukavu aliyechapisha kwa franga zake mwenyewe atapata wapi za kuchapisha cha pili?

Kuna njia nyingine. Mutungaji akiwa amekufa zaidi ya miaka 50, kazi yake ni huru kwetu. LibriVox, iliyoanzishwa Montreal mwaka 2005, inafanya hivyo: wajitolea wanagawana sura za vitabu vya zamani, kila mumoja na sauti yake. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa cha Joseph Conrad, yule aliyesafiri ku muto Kongo mwaka 1890. Kwa watoto, African Storybook ina hadithi za Kiswahili zinazotolewa kwa ruhusa ya wazi. Unasoma, unarekodi, unataja mutungaji, basi. Na Biblia? Maneno ni ya zamani sana, lakini tafsiri ya karibuni ina watafsiri na mwenye haki.

Ukitaka kitabu cha mutungaji aliye hai, umuandikie yeye ao nyumba iliyochapisha. SOCODA, shirika la haki za watungaji lililoundwa mwaka 2011, liko Kinshasa kwa kazi hiyo. Jibu likija, mulichunge pamoja na sauti zenyewe. Mwanzoni mwa kila sauti mutaje jina la kitabu, la mutungaji na la wasomaji, na mukate vipande vya dakika tano hivi, maana mega ni bei.