Mkato na Hadhi: Mavazi ya Wanaume katika Enzi ya Urijenti

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba usahili wa mavazi ya mabwana wa Uingereza katika enzi ya Urijenti (1811-1820), yaani miaka ambayo mwana wa Mfalme George III alitawala kwa niaba ya babake mgonjwa, haukuwa dalili ya usawa. Kilichobadilika ni mahali pa kuisoma hadhi.

Katika karne ya 18 hadhi ilisomeka waziwazi: hariri, tarizi za dhahabu, nywele zilizopakwa unga. Kodi ya unga huo, iliyoanza kutozwa mwaka 1795, iliharakisha kuachwa kwake. George Brummell (1778-1840), ambaye hakuwa mwana wa lodi bali wa katibu wa waziri mkuu, ndiye aliyeuvumisha mtindo mpya: koti la sufu la buluu iliyokoza, kizibao cha rangi hafifu, suruali ya kubana na kitambaa cheupe cha shingoni kilichotiwa wanga.

Siri ilikuwa kwa fundi. Tofauti na hariri, sufu iliyoshindiliwa barabara hukubali kuvutwa na kufinywa kwa pasi na mvuke hadi ikaufuata mwili. Tena ukingo wake waweza kuachwa bila upindo, maana nyuzi hazifumuki. Penye kifua chembamba fundi alitia pamba, akakikamilisha kilichopunguzwa na maumbile. Kabla ya futikamba kuenea, kila mteja alikuwa na ukanda wake wa karatasi uliotiwa pengo penye kila kipimo. Na yote yalishonwa kwa mkono.

Koti lisilo na nakshi halina pa kuficha kosa. Ajuaye kutazama hulisoma begani na kiunoni; asiyejua huona koti tu. Usahili huo, basi, ulikuwa ghali, na wengi waliununua kwa mkopo. Brummell mwenyewe alitorokea Ufaransa mwaka 1816 akiwakimbia wadai.

Turejelee Pride and Prejudice (1813), riwaya ambayo Jane Austen anayataja mavazi kwa uchache mno. Mabinti wa Bennet wanapomchungulia Bingley dirishani, wanaona koti la buluu na farasi mweusi, basi. Baadaye Lydia, siku ya ndoa yake, anawazia kama Wickham atavaa koti lake la buluu. Bingley ana pato la pauni elfu nne au tano kwa mwaka. Madeni ya Wickham, yanayozidi pauni elfu moja, yanalipwa na Darcy.