Kanga za Leba

Je, wajua kwamba kanga mbili zikilowa damu chapachapa, mama amekwisha kupoteza nusu lita na ushei? Kipimo hicho kilifanyiwa kazi Kigoma, na mwaka 2005 watafiti wakakichapisha katika jarida la kimataifa la madaktari wa uzazi. Mmoja wao alikuwa Dk. Godfrey Mbaruku, aliyekuwa tayari na jina kwa kazi aliyoifanya katika hospitali ya mkoa huo: kati ya 1984 na 1991, vifo vya wazazi pale vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000.

Tatizo walilokuwa nalo Kigoma lilikuwa la vipimo. Kitabu cha udaktari kinasema mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida akipoteza nusu lita ya damu, hiyo ni damu nyingi na lazima hatua ichukuliwe. Sawa, lakini nani ataipima? Damu haimwagiki kwenye kikombe. Inaingia kwenye mkeka, inapita chini ya mgongo wa mama, nyingine inachanganyika na maji ya chupa. Jicho, hata la mkunga mzoefu, hupunja hesabu, na hupunja zaidi pale damu inapokuwa nyingi, yaani pale ambapo kosa lina gharama kubwa. Huko vijijini, ambako wanawake wengi walizalishwa nyumbani na wakunga wa jadi, hakukuwa na mizani wala chombo chenye mistari. Kitu kimoja tu kilikuwapo katika kila nyumba, cha pamba, na ukubwa wake haubadiliki sana kutoka duka hadi duka: urefu kama mita moja na nusu, upana mita moja na kidogo. Wakunga wakafundishwa kuitumia kanga hiyo kama kipimo. Ya pili ikilowa, usingoje, mpe mama vidonge vya misoprostoli, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi. Katika vijiji vya upande wa pili wa utafiti, ambako mkunga hakuwa na vidonge, wanawake waliolazimika kukimbizwa hospitali walikuwa wengi zaidi.

Ili kuelewa kwa nini nusu lita ni jambo la haraka, inafaa kujua kinachotokea ndani. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi hufika nusu lita au zaidi kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha inabaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mfuko wenyewe, iliyopishana huku na huku kuizunguka mishipa hiyo. Ikijikaza, mishipa inabanwa na damu inakatika. Ndiyo maana baada ya kujifungua mkunga hulishika tumbo mara kwa mara, akitafuta kama mfuko umekuwa mgumu. Ukiwa laini, hatari ipo, na muda unaohesabiwa hapo ni wa dakika. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wanawake takriban 70,000 walikuwa wakifa kila mwaka kwa kutokwa damu baada ya kujifungua.

Wazo la kuipima damu halikuishia Kigoma. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Chini ya mama aliyejifungua ilitandikwa karatasi ya plastiki yenye mfuko wa kukusanya damu, na mfuko ukachorwa mistari ya vipimo. Damu ikifika mstari fulani, wahudumu wanatoa matibabu yote kwa pamoja: kukanda tumbo, sindano ya oksitosini, dawa ya traneksamiki, maji ya mshipa, na kukagua inakotoka damu. Kutokwa damu kupita kiasi, upasuaji wa kuizuia na vifo vilivyotokana nayo, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60. Plastiki ni ya kisasa na kanga ni ya bibi zetu, lakini kazi ni ileile: kuliondolea jicho jukumu lisiloliweza.

Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu linamhusu kila anayefunga begi la mjamzito mwezi wa nane. Tuna desturi nzuri ya kumsitiri mzazi. Dada au mama mkubwa akiona kanga imechafuka, huikunja upesi na kuitumbukiza kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda, au huondoka nayo kwenda kuifua, ili mgonjwa asione haya. Kwa kufanya hivyo anaondoka na kipimo. Manesi wanaojua kazi yao huwahi kusema, "Mama mkubwa, hiyo usiiondoe kwanza, niione." Ndivyo inavyotakiwa. Kanga na pedi zilizolowa zionyeshwe kwa muuguzi kabla hazijatupwa wala kufuliwa, hata akiwa na shughuli, na hata kama mama mwenyewe anasema yuko salama. Na huko wodini, baada ya kutoka leba, pedi inayolowa kabisa ndani ya saa moja ni sababu ya kumwita nesi papo hapo, usiku wa manane au alfajiri.

Sasa tugeukie kanga za mtoto, maana hizi ndizo zinazotumika kwanza.

Mtoto hutoka kwenye joto la digrii 37 akiwa ameloa mwili mzima. Maji yanapokauka juu ya ngozi huondoka na joto, na huondoka nalo kwa wingi: gramu moja ya maji inahitaji jouli kama 2,400 ili igeuke mvuke. Piga hesabu kwa mtoto wa kilo tatu. Maji ya kijiko kimoja cha chai yakikaukia mwilini mwake yanatosha kumshusha kama digrii moja, iwapo mwili haukupata joto jingine la kufidia. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtoto mchanga mwenye maji, akiachwa wazi kwenye chumba cha digrii 23, hupoteza joto sawa na mtu mzima aliye uchi kwenye baridi ya sifuri. Digrii 23 ni chumba ambacho sisi wengine tunakiona kizuri kwa kulala. Kwa hiyo wa Dar es Salaam au Mombasa asidhani jambo hili ni la watu wa Makete na Limuru peke yao. Feni ikizunguka juu ya kitanda cha kuzalia, hesabu ni ileile.

Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama sisi ili apate joto. Anayo akiba ya mafuta ya rangi ya kahawia shingoni, katikati ya mabega na kuzunguka figo, ambayo kazi yake ni kuunguzwa ili kutoa joto. Lakini moto huo unakula sukari na oksijeni, vitu viwili ambavyo mtoto wa dakika kumi hana vya kufuja. Akipoa sana hulegea, hunyonya kwa shida, sukari hushuka, naye huzidi kupoa.

Kanga ya kwanza, basi, ni ya kukaushia: kichwa, mgongo, miguu, kwa nguvu kiasi, jambo ambalo pia humchochea apumue. Kisha inatupwa pembeni. Hapa ndipo wengi hukosea, wanamkausha mtoto halafu wanamviringisha kwenye kanga ileile iliyolowa. Ya pili, kavu, inamfunika akiwa juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani, maana kichwa cha mchanga ni sehemu kubwa ya mwili wake. Kuoga kusubiri saa 24. Najua bibi wengi hawalipendi hili, wanaona mtoto mwenye utando mweupe hajasafishwa. Utando ule unailinda ngozi, na haumdhuru mtu.

Kanga mpya ya dukani haifai kazi hii. Imetiwa wanga ili ing'ae na isimame vizuri rafuni, na wanga huo unaifanya isukume maji badala ya kuyanywa. Kanga nzuri ya leba ni iliyofuliwa mara nyingi hadi ikawa laini. Kama huna ila mpya, zifue na kuzisuuza mara kadhaa wiki chache kabla. Anika juani, kisha piga pasi pande zote mbili, pindoni na katikati ya mji. Pasi hapa haihusu urembo. Yuko nzi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini, na funza wake huingia ngozini mwa atakayezivaa. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Ukimaliza, zikunje na uzifunge kwenye mfuko safi, za mtoto ziwe juu kabisa ya begi. Anayepekua begi kutafuta kanga chini ya chupa ya chai na ndala wakati mtoto ameshatoka anapoteza dakika zisizorudi.

Kwa mtoto njiti, kanga hufanya kazi kubwa zaidi. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey, akiwa na mashine chache za kutunzia watoto na watoto wengi, alianza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao. Kwa miaka mingi njia hiyo ya kangaruu ilionekana kuwa ni ya kusubiri hadi mtoto atulie. Kisha ukaja utafiti wa nchi tano, Muhimbili ikiwa mojawapo ya hospitali zake, uliochapishwa 2021: watoto zaidi ya 3,200 wa kati ya kilo moja na kilo 1.8, nusu yao wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Katika kundi hilo walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28; katika kundi lililosubiri, asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwanyima wengine. Na kinachomshikilia mtoto pale kifuani, katika wodi zetu, mara nyingi ni kanga au kitenge kilichofungwa vizuri.

Vilivyobaki begini nitavipitia haraka, ingawa vyote vina sababu. Sabuni, wembe mpya, klipu au uzi wa kitovu, plastiki ya kutandika, glavu: hivi ni silaha dhidi ya vijidudu, kikiwamo cha pepopunda, kinachoishi udongoni na kuingilia kwenye kitovu. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa 2007 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walitumia kifurushi cha vifaa safi walikuwa na uwezekano mdogo kwa mara 13 wa kuoza kitovu, na mama aliyeoga kabla ya kujifungua naye alipata nafuu. Kwa hiyo ndoo, beseni na sabuni ya kuogea si mizigo ya ziada. Dawa ya kupaka kitovu haihitajiki kwa kila mtu. Pemba walijaribu klorheksidini kwa watoto zaidi ya 36,000, matokeo yakatoka 2016, na tofauti ya vifo kati ya waliopakwa na walioachwa kitovu kikavu haikuwa ya kutegemewa. Kiache kikavu na kisafi, bila majivu, bila mate, bila mafuta.

Kanga ya kufunga tumbo, ule mkaja wa pwani, ibebe ukitaka. Inampa mama faraja anapoinuka na anapokohoa, hasa aliyepasuliwa. Ila mfuko wa uzazi haurudi kwa kubanwa na nguo. Unarudi wenyewe kwa takriban wiki sita, ukisaidiwa na oksitosini ambayo mwili huitoa kila mtoto anaponyonya. Ifungwe kwa kiasi, mama apumue vizuri.

Kadi ya kliniki isiingie begini ikasahaulika huko chini. Ikae mkononi mwa anayesindikiza. Ndani yake mna kundi la damu, wingi wa damu, chanjo za pepopunda na vipimo vya VVU na kaswende, na hayo ndiyo maswali ya kwanza ya mkunga.

Kuna jambo linaloniuma. Sera ya Afya ya Tanzania ya 2007 ilisema mjamzito ahudumiwe bila malipo, lakini bado wako wanawake wanaochelewa kwenda hospitali kwa kuwa orodha ya vifaa haijatimia: hakuna hela ya glavu, beseni halijanunuliwa, doti ya pili bado iko kwa fundi. Uchungu ukianza, nenda na ulichonacho. Hakuna kitu katika begi hilo chenye thamani kuliko kufika mapema, na mama asione aibu kufika na kanga mbili kuukuu, maana ndizo zinazonywa maji vizuri.

Kitu kimoja hakifungwi begini kabisa, nacho ni damu. Kama kanga ya pili italowa, huenda ikahitajika chupa ya kuongezewa, na benki ya damu haina kila kundi kila siku. Kwenye mpango wa kujifungua, pamoja na nauli na namba ya dereva, andikeni majina ya ndugu wawili waliokubali kuchangia, wenye afya, wanaoishi karibu na ambao simu zao hazizimwi usiku. Waulizwe mapema, wakati mama bado anatembea mwenyewe kwenda kliniki.