Shingo ya Gitaa Inafunguliwa Mara Ngapi?

Msomaji wa Tanga, mpiga solo wa bendi ya harusi, ameniuliza swali ambalo mafundi wengi hulijibu kwa vitisho. Gitaa lake la umeme ni la aina ya Telecaster, lile ambalo shingo imeshikizwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne. Kila bendi ikienda Dodoma, hewa kavu huibadilisha shingo, na nati ya kurekebisha fimbo ya chuma iliyomo ndani yake imejificha kwenye kitako, pale inapokutana na kiwiliwili. Kuifikia ni lazima afungue. Ameshafungua mara nyingi kiasi kwamba fundi mmoja amemwambia mbao imechoka na sauti imeanza kupotea. Je, ni kweli?

Historia niipite haraka. Mbunifu wa gitaa hilo, Leo Fender, alikuwa fundi wa redio huko Fullerton, California, na hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1950 alianza kuuza gitaa ambalo shingo yake haikugandishwa kwa gundi, ili iweze kutolewa na kutengenezwa kama kifaa kingine chochote. Wenye biashara huziita skrubu zake bolti, lakini ni skrubu za mbao za kawaida, zenye unene wa milimita 4 hivi na urefu wa sentimita 4 na nusu. Vichwa vimeegemea bamba la chuma mgongoni, shina linapita kwenye kiwiliwili, na ncha inauma shingo.

Utamu wote uko hapo kwenye kuuma. Skrubu inapoingia mara ya kwanza hujichongea nafasi yenyewe. Tundu lililotobolewa lina upana wa shina tu. Hesi, ule ukingo uliojiviringisha kwenye shina, hukata nyuzinyuzi za mbao na kuzibana juu na chini. Ukiitoa skrubu, ndani ya tundu unabaki mchoro kamili wa safari yake: mfereji mwembamba unaopanda kwa kuzunguka, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine, tuta la mbao lisilofika milimita 2. Katika kiungo hiki yako matuta 9 hivi kwa kila skrubu. Hayo ndiyo yanayoishika shingo. Chuma hakina wasiwasi. Matuta ndiyo yanayoweza kukatika.

Karakana zetu huita vyote viwili thredi, kilicho kwenye chuma na kilicho kwenye mbao. Mimi navitenganisha: hesi ni ya skrubu, mfuo ni wa mbao. Nilipima kusema “hesi jike”, lakini hesi hutokeza, na hiki kimechimbwa, nacho kilichochimbwa kwa mstari Kiswahili tayari hukiita mfuo. Tofauti hiyo inabeba jibu la swali letu, maana hesi ni moja tu, ilhali mifuo inaweza kuwa mingi.

Chukua barabara ya udongo wakati wa masika. Lori la kwanza huchimba mifuo miwili. La pili likija taratibu, magurudumu huteleza yenyewe hadi ndani ya mifuo ileile, na kingo zake huzidi kushindiliwa. Malori yanaweza kupita hivyo siku nzima na barabara ikabaki barabara. Kisha anakuja dereva mwenye haraka, anakanyaga mafuta na kuchimba njia yake kiganja kimoja pembeni. Tuta lililobaki katikati ni jembamba, linamomonyoka. Wa tatu naye akichimba yake, hakuna tuta tena. Gurudumu linazunguka bila kushika kitu. Skrubu inayozunguka bure kwenye shingo ya gitaa imefikishwa pale na kina dereva wa aina hiyo, mara nyingi wakiwa na drili ya umeme mkononi.

Basi mfuo wa zamani unapatikanaje gizani, ndani ya tundu? Ingiza skrubu, kisha izungushe kinyume, kana kwamba unaifungua. Mwanzo wa hesi hupanda juu ya mteremko wa mfuo, polepole, mpaka ufike mahali mfuo unapoanzia. Pale mteremko umekatika ghafla, na skrubu inadondoka kwa kimo cha hatua moja ya hesi. Utausikia mdondoko huo kwenye vidole, pengine hata kwa sikio: tk. Kwa kuwa hesi hii ni uzi mmoja uliojiviringisha, katika mzunguko mzima ziko digrii 360 za kujaribu na mlango ni mmoja tu, nao hujitangaza kila mzunguko unapokamilika. Baada ya tk, geuza kwenda mbele kwa bisibisi ya mkono bila kusukuma. Ikiingia kwa ulaini, umo ndani ya mfuo uleule. Ikikataa mapema, rudi nyuma uutafute tena.

Mbao yenyewe ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, iliyoko Madison, Wisconsin, ina kanuni ya kukadiria nguvu ya kung'oa skrubu: hupanda kwa mraba wa densiti ya mbao. Ndiyo maana ni jambo jema kwamba hesi inauma shingo ya mepo, mti mgumu, na si kiwiliwili cha alda. Mepo hushika zaidi ya mara 2 ya alda. Kwa kanuni hiyo, skrubu moja iliyouma milimita 15 za mepo inahitaji mvuto wa kilo 270 hivi ili ing'oke. Nyuzi zote sita kwa pamoja huvuta kilo 45 hivi. Mwelekeo wa mivuto hiyo si mmoja, lakini nafasi ya usalama ni pana.

Kuhusu sauti, angalia matundu ya kiwiliwili: skrubu ipite humo bila kuuma. Ikiuma huku na huku, mwanya wowote uliokuwepo kati ya shingo na kiwiliwili hufungiwa humohumo, hata ukaze vipi. Futa vumbi, legeza nyuzi kabla ya kufungua, paka hesi nta ya mshumaa, kaza zote nne kwa zamu, na usimame skrubu inapogoma.

Na mfuo ukishakatika, toboa tundu pana, gandisha kijiti cha mbao ngumu kwa gundi ya mbao, acha ikauke hadi kesho yake, utoboe upya katikati. Anayefungua shingo kila safari amwombe fundi amwekee ndani ya shingo vipande vya shaba vyenye mfuo, pamoja na bolti za kweli. Msomaji wetu wa Tanga bado hahitaji hayo. Anahitaji bisibisi ya mkono na subira ya kungoja tk.