Mama, Je, Umekwisha Kuwa Tayari kwa Mtihani wa Barabarani?

Ilikuwa saa nane usiku kitindamimba wetu alipobanwa na pumu. Baba watoto alikuwa safarini Mbeya. Gari lilikuwa uani, funguo zinaning'inia kwenye msumari jikoni, na mimi, mtu mzima wa miaka 41, nilikuwa nimesimama kibarazani nikimpigia simu dereva wa bajaji asiyepokea. Hatimaye jirani aliamka akatupeleka hospitali. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Asubuhi yake nilikwenda kujiandikisha katika shule ya udereva.

Nawasimulia haya, akina mama wenzangu, ili mfahamu kwa nini nilikuwa na haraka ya kupata leseni. Haraka hiyo nusura iniponze.

Mafunzo yalikuwa ya majuma manne. Nilipata leseni ya kujifunzia, tukabandika alama ya L mbele na nyuma, na kila jioni mwalimu alikaa kando yangu. Juma la nne akaniambia, "Mama, umeiva. Jumatatu twende kwa trafiki ukatahiniwe." Nilirudi nyumbani nikiimba. Baba watoto naye akasema, "Kama ni hivyo, kesho nipeleke sokoni."

Sisi tunakaa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Anayeufahamu mji huo anajua kwamba kutoka kwetu kwenda sokoni ni kupanda mlima. Katikati ya mlima daladala mbele yangu ilisimama ghafla kupakia abiria. Nikasimama. Nilipotaka kuondoka injini ikazimika, gari likaanza kurudi nyuma, na nyuma yetu kulikuwa na lori. Mimi nilishika usukani kwa mikono miwili nikapiga kelele. Mume wangu ndiye aliyevuta breki ya mkono. Dereva wa lori alituzunguka taratibu, akatutazama, wala hakusema neno.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilijiuliza: mlima huu nimeupanda na mwalimu zaidi ya mara kumi, mbona leo umenishinda? Ndipo nikatambua. Kila tulipoupanda, mwalimu alikuwa akisema, "Gia ya pili, mama. Sasa breki ya mkono. Achia klachi polepole." Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiendesha. Mikono yangu ilikuwa ikisaidia tu.

Nilimwambia mwalimu kwamba Jumatatu siendi. Hakupendezwa. Alisema wengi wamepita wakijua kidogo kuliko mimi, na akaongeza kwa sauti ya chini kwamba ikibidi yuko mtu wa kuonwa. Dada zangu, leseni ya namna hiyo hutuliza askari tu. Mlima hausomi karatasi.

Nilimwomba jambo moja: kuanzia kesho akae kimya, asiseme ila pale penye hatari. Binti yangu wa kidato cha pili alikaa kiti cha nyuma na daftari, na kila mwalimu alipofungua kinywa kunielekeza, au mguu wake ulipogusa breki ya upande wake, alichora mstari. Siku ya kwanza, kwa nusu saa, alichora mistari 17! Niliona aibu, lakini angalau sasa nilijua nilipo. Baada ya majuma matatu mistari ilikuwa miwili. Halafu zikaja siku ambazo ukurasa ulibaki mweupe, na si kwenye njia niliyoizoea peke yake. Tulikwenda sokoni siku ya gulio, tukaingia kipilefti wakati wa msongamano, tukaendesha kwenye mvua. Siku moja nzuri haitoshi. Hata mimi niliwahi kupika maandazi mazuri mara moja kabla sijajua kupika.

Alama za barabarani sitazisemea sana; zinasomeka kitabuni, na watoto wetu watawasaidia. Kuegesha gari kinyumenyume pia ni mazoezi tu. Kazi ni macho. Mwanafunzi hutazama boneti, dereva hutazama mbali. Kwenye makazi ya watu mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukishtuka kwa sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, mita 14 zimekwenda, na breki ndiyo kwanza inaanza kazi yake. Kwa hiyo mpira ukiviringika barabarani, mguu uwe umekwisha kutoka kwenye mafuta kabla hujamwona mtoto anayeufuata. Siku nilipojikuta nimepunguza mwendo kwa sababu ya mbuzi aliyekuwa bado majanini, huku namjibu binti yangu swali la hesabu, nilijua kuna kitu kimebadilika.

Wala msidhani aliye tayari hakosei. Gari langu liliendelea kuzimika mara mojamoja. Tofauti ni kwamba sasa mkono ulikwenda wenyewe kwenye breki, nikatazama kioo, nikawasha tena, nikaondoka.

Kuhusu waume kuwa walimu, nitasema machache ili nisivunje ndoa za watu. Wako wavumilivu. Wa kwangu alikuwa akishikilia mlango kama mtu anayetaka kuruka, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwapo. Jumapili moja, tukitoka ibadani, niligeuka nikamkuta amesinzia. Ile nayo nikaihesabu.

Lakini kuna dada mmoja wa kwaya yetu ambaye mumewe alikwisha kunyamaza miezi mitano, na bado anasema, "Naogopa, nitakwenda mwakani." Huyo nimemwambia waziwazi aende. Hofu peke yake si kipimo. Hata mimi asubuhi ya mtihani magoti yalikuwa yakigongana. Na leseni ya kujifunzia ina mwisho wake.

Askari aliyenitahini alinielekeza kwenye mteremko, akaniamuru nisimame, kisha niondoke kuelekea juu. Gari halikurudi nyuma hata kidogo. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamjibu, "Mlima wa Ipogolo, afande." Akacheka, akaandika.

Miezi michache baadaye mtoto alibanwa tena, saa tano usiku, na mvua ilikuwa ikinyesha. Baba watoto hakuwapo. Nilimwambia binti akae nyuma, amshike mdogo wake wima na ile dawa ya kuvuta, nikaenda jikoni kuchukua funguo kwenye msumari.