Kabla hujauza krimu ya mishipa ya miguu, soma hapa kwanza

Leo siongelei mtaji wala jinsi ya kupiga picha bidhaa. Naongelea miguu, yako na ya mteja wako, na kosa nililofanya mimi mwenyewe hapa Nyalikungu.

Mwaka jana niliongeza krimu kwenye mzigo wangu. Kwenye kopo kuna picha ya mguu wenye mishipa iliyovimba na kujisokota kama kamba, pembeni mguu huohuo umekuwa laini kabisa. Imeandikwa inaondoa mishipa kwa siku 14. Nikaiposti statasi, ikatoka kuliko hata viatu. Kopo nilinunua Tsh 9,000, nauza 15,000. Nikasema hapa nimepata.

Mama mmoja wa Bariadi, ana mgahawa, alinunua makopo matatu. Mara ya nne hakuagiza, alinitumia picha. Juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, kidonda. Akaandika: "Mwanangu, na hapa nipake?"

Nikakosa jibu. Pesa yake nimekula na sijui hata ninachomuuzia kinafanya nini. Nikampigia, nikamwambia mama usipake kitu, nenda hospitali leo. Halafu na mimi nikaenda kumuuliza daktari. Alichonieleza ndicho hiki.

MISHIPA INAVIMBAJE?

Damu ikishuka miguuni lazima ipande tena kwenda kwenye moyo. Inapanda kupitia mishipa inayoitwa vena. Ndani ya vena kuna vilango vidogo vinavyofunguka kwenda juu tu. Damu ikipita vinajifunga isirudi chini. Anayeisukuma ni kigimbi chako: ukitembea kinabana mishipa, damu inapanda.

Sasa vilango vikilegea, damu inarudi chini na kutuama. Mshipa unatanuka, unajisokota, unajitokeza. Wengine wamerithi kwenye familia, wengine ni umri, uzito au mimba. Na wengine ni kazi: kusimama kutwa, au kukaa kutwa bila kunyanyuka. Hapo wauzaji wa mtandaoni tupo wote, maana unaweza kufunga oda na kujibu meseji asubuhi mpaka usiku hujasogea.

Dalili zake: mguu mzito jioni, kuuma, kuwasha, kuvimba kifundoni, kukaza misuli usiku. Ukiachwa muda mrefu, ngozi karibu na kifundo inakuwa nyeusi zaidi na ngumu, halafu kinatoka kidonda kisichopona haraka. Kama cha yule mama.

KWA HIYO KRIMU INAFANYA NINI?

Inalainisha ngozi, basi. Kilango kilicholegea kiko ndani ya mshipa, krimu haiwezi kukirudisha. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mtu anapaka miezi huku anaahirisha hospitali.

KINACHOSAIDIA

1. Tembea kila siku. Ukiwa dukani, kila nusu saa inua visigino usimame kwa vidole, shusha, rudia mara 20.

2. Ukipumzika, lala na miguu iwe juu kuliko moyo, kama dakika 15. Kuiweka kwenye kistuli haitoshi.

3. Soksi maalumu za kubana. Zinavaliwa asubuhi, zinavuliwa wakati wa kulala. Lakini upimwe kwanza! Mwenye kisukari au mwenye mishipa ya miguu isiyopeleka damu vizuri zinaweza kumdhuru.

4. Weka kiti dukani, hata kwa binti anayekusaidia, na mbadilishane kukaa na kusimama. Uingereza walitunga sheria ya jambo hili mwaka 1899: mwenye duka aweke angalau kiti kimoja kwa kila wahudumu wanawake watatu. Sisi tunasubiri nini?

5. Mjamzito, sema kliniki. Mara nyingi inapungua miezi michache baada ya kujifungua.

Ikizidi, hospitali wanaangalia mshipa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kama kile cha wajawazito. Tiba zipo: sindano ya dawa inayoufunga mshipa, kuuchoma kwa joto kutokea ndani, au upasuaji wa kuutoa. Damu inapita kwenye mishipa mingine iliyo mizima. Hapa Maswa anza hospitali ya wilaya. Ikihitajika utaandikiwa rufaa, na kwa kanda yetu hospitali kubwa ni Bugando, Mwanza.

USISUBIRI KABISA kama mguu mmoja umevimba ghafla, una joto na kigimbi kinauma. Inaweza kuwa damu imeganda ndani. Na kama kifua kinauma au pumzi inakata, ni dharura, wahi hospitali saa hiyohiyo. Mshipa ukipasuka ukatoa damu, lala chini, inua mguu, gandamiza kwa kitambaa safi, watu wakupeleke.

SASA UPANDE WA BIASHARA

Siku hizi kitu chochote kinachodai kutibu sikiingizi dukani mpaka nijue kimesajiliwa. TMDA ndio wanaosimamia dawa na vifaa tiba nchini, waulize. Usichukue picha za kabla na baada kutoka kwa aliyekuuzia jumla ukaziposti kama ushuhuda wako. Mteja akikuuliza kuhusu ugonjwa, jibu sahihi ni "nenda ukapimwe", hata kama oda inapotea.

Yule mama alifungwa bandeji za kubana, anabadilishiwa mara kwa mara, na kidonda kinafunga polepole. Nilimrudishia Tsh 45,000 yake yote. Makopo 11 yaliyobaki sikuyauza, hasara 99,000. Iliniuma, sidanganyi. Lakini mama bado ananipigia, na juzi kaagiza viatu vya chini vya kuvaa mgahawani.

Mtumie huyu ujumbe mwenzako anayesimama kutwa. Na wewe pitia mzigo wako leo: kuna kitu gani unauza ambacho mteja akikuuliza kinafanyaje kazi, utakosa jibu?